Mwizi wa Majani

"Njoo umkamate mwizi wangu kabla binti yangu hajanipeleka kwenye makao ya wazee," Bi Odalie Trahan alisema kwenye simu, kisha akakata bila kuaga.

Desmond Guillory, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, alibaki ameishika simu. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, ofisi nzima alikuwa peke yake, na mezani kwake kulikuwa na sahani ya nyama aliyofungashiwa na dada yake. Aliitazama kwa huruma, akaifunika, akachukua kofia.

Kwa mwizi wa kawaida asingeinuka. Lakini tangu mwanzo wa mwaka wezi wa shaba walikuwa wameutia kiwewe mji wa Belle Anse. Wanaingia uani kwa mtu, wanapasua mashine ya nje ya kiyoyozi, wanang'oa mabomba ya shaba na kumwachia mwenye nyumba bati tupu. Kusini mwa Louisiana, kumwacha mtu bila kiyoyozi mwezi wa Julai ni kumtakia kifo. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa Guillory. Sababu ya pili hakumwambia mtu: Bi Odalie ndiye aliyemfundisha kusoma darasa la kwanza, na mpaka leo akiisikia sauti ile, miguu yake husimama yenyewe.

Alimkuta jikoni, amekaa wima, fimbo kando, nywele nyeupe zimebanwa vizuri kama siku zile za ubao na chaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Kidogo tu."

"Si kidogo, Desmond. Kaa. Hicho kiti ni imara."

Renelle, binti yake, mwanamke mwembamba wa makamo aliyekuja kutoka Houston Jumamosi, alisimama karibu na jokofu, mikono ameifungamanisha. Macho yake yalionyesha kwamba hakulala. Mezani kulikuwa na birika la kahawa na vikombe vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu. Kimoja cha mama, kimoja cha binti, kimoja cha mgeni. Cha nne kilikuwa kimefunikwa juu ya kisahani chake, mbele ya kiti kitupu kilichopo dirishani. Guillory alikiona, na akaona jinsi Renelle alivyokikwepa kwa macho.

"Haya, mwalimu. Umeibiwa nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Majani makavu ya ule mti." Alinyoosha fimbo dirishani. Ng'ambo ya uzio ulisimama mwaloni mkubwa ajabu, na tawi lake moja lilikuwa limevuka uzio na kujilaza juu ya paa la nyumba hii kana kwamba lina hisa. "Naenda kanisani Jumapili, naacha kiyoyozi kimezama kwenye majani. Narudi, peupe. Na Ijumaa Kuu nilimsikia. Nilikuwa kwenye Njia ya Msalaba, goti likanikatalia kituo cha saba, nikarudishwa nyumbani. Nimekaa hapa hapa. Nikasikia buti darini. Si kindi, Desmond. Kindi wa wapi anavaa buti? Nilipoipata fimbo na kutoka nje, hayupo."

"Ulimwona hata mgongo?"

"Sikumwona. Ningekuwa nimeuona mgongo ningeitwa shahidi, mimi ni mlalamikaji. Kunywa kahawa, halafu ufanye kazi yako."

Guillory alikunywa. Alipoweka kikombe chini, Renelle alimfanyia ishara ya kichwa, wakatoka nje kwa mlango wa nyuma.

"Afande, naomba unisikilize na mimi," Renelle alisema mara tu mlango ulipofungwa. "Hakuna mwizi. Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Mama. Anapanda mwenyewe. Jumamosi nilipofika niliikuta ngazi ya marehemu baba imetolewa bandani na kurudishwa kinyumenyume. Anapanda, anasafisha, anashuka, anasahau. Halafu anasikia habari za wezi redioni, anaunganisha." Alifuta pua kwa kiganja. "Na kile kikombe umekiona. Anamwekea baba. Kila siku. Baba tumemzika zamani."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? 'Mama, unajua baba alikufa?' Wewe ungeweza?"

Guillory aliinamisha macho kwenye viatu vyake.

"Mimi si mtoto mbaya," Renelle aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanashuka bila kuzuiwa. "Nampenda kuliko anavyojua. Lakini nikimwacha hapa, siku moja nitapigiwa simu kwamba ameokotwa chini ya ngazi. Nimepata nafasi kwenye makao mazuri, karibu na kwangu. Keshokutwa tunaondoka. Yeye anasema akitolewa nyumba hii hatamaliza mwaka, na mimi naogopa anasema kweli."

"Na nikimpata huyo mwenye buti?"

"Nipatie mtu mmoja, mwenye jina na miguu, nitapiga simu nifute kile kitanda papo hapo. Lakini usinipe maneno ya kumfurahisha mama. Nipe mtu."

"Sawa," Guillory alisema, akakunja mikono ya shati.

Alianza na kiyoyozi. Mashine ya nje ilikuwa juu ya kibao cha saruji ukutani, moja kwa moja chini ya lile tawi. Mialoni ya huku ina jeuri yake. Miti mingine humwaga majani kabla ya baridi, ikaeleweka. Yenyewe huyashikilia mpaka Machi na Aprili, wakati ule ule watu wanapowasha viyoyozi, ndipo inayaachia yote kwa mpigo. Ua mzima ulikuwa umefunikwa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Lakini kuzunguka mashine, mwendo wa mkono mmoja kila upande, hapakuwa na kitu. Guillory alipiga magoti kwa mguno. Vile vibati vyembamba vya pembeni, ambavyo hupinda hata ukivigusa kwa kidole, vilikuwa vimenyooshwa kimoja kimoja.

"Mwizi wa shaba hafanyi hivi," alisema.

"Ndivyo nilivyokwambia."

"Subiri. Anaweza kusafisha ili ayaone mabomba, apime kazi, aje siku nyingine na msumeno." Alitoa simu, akampigia fundi wa viyoyozi ambaye jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye ile mashine. Fundi alicheka. Kwa Bi Odalie? Hajaitwa huko miaka. Zamani alikuwa anatoa majani ya gunia zima kila mwaka, halafu ghafla mashine ikawa haina ubaya wowote, akadhani mama kapata fundi mwingine. Hapana, hana kinyongo. Amsalimie.

Guillory akasogea kwenye uzio, ambako majani yaliyoondolewa yalirundikwa. Marundo yalikuwa mawili. La zamani lilikuwa limeshindiliwa na mvua, majani yamechanganyika na vijiti na udongo, na chini yake ardhi ilikuwa na mikwaruzo ya meno ya reki. La pili lilikuwa jipya. Alichota konzi moja, akaipuliza. Majani matupu. Hakuna kijiti wala chembe ya udongo, na chini yake ardhi haikuwa na mkwaruzo.

"Huku alitumia reki," alisema. "Huku aliokota kwa mikono. Jani moja moja. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni bibi mwenye akili iliyochoka," Renelle alijibu taratibu.

Walizunguka kona mpaka chini ya kipembe cha paa, ambako kulikuwa na mlango mdogo wa mbao wa kuingilia darini. Hapa Guillory alichuchumaa. Kwenye udongo wa chini ya ukuta kulikuwa na mashimo mawili ya miguu ya ngazi, ya kina kirefu, kingo zake zimelainishwa na mvua. Kando ya mashimo hayo kulikuwa na alama nyingine mpya, bapa, za pembe nne, kama za matofali mawili yaliyolazwa na kuinuliwa. Katika hizo udongo ulikuwa umebanwa tu. Haukuchimbika.

"Mbao," alisema. "Safari hii aliiweka ngazi juu ya mbao."

"Ili isiyumbe."

"Au ili isiache alama." Moyo wa kipolisi ulimdunda. Mtu anayeokota majani kwa mkono ili reki isikwaruze, anayeweka mbao ili ngazi isichimbe, ni mtu anayeficha nyayo. Wezi wa shaba walikuwa wameanza kuwa na akili. "Renelle, leta ile ngazi."

Waliisimamisha ngazi kwenye udongo, Renelle akapanda vidato vitatu, akashuka. Miguu ya ngazi iliacha vishimo vya kuchekesha, hata ukucha hauzami.

"Mama yako ni mzito kuliko wewe?"

"Mama? Mama ni mifupa na maneno."

"Sasa mimi." Guillory alipanda. Ngazi ililalamika na kuzama. Aliposhuka na kupima kwa kidole, mashimo yake yalikaribia yale ya zamani.

"Siku ile udongo ulikuwa laini zaidi," Renelle alisema. "Ilikuwa imenyesha. Afande, sikatai kwa ubishi. Nikikubali halafu nikawa nimekosea, nitamzika mimi."

Ilikuwa hoja ya haki, na Guillory alimheshimu kwa kuitoa. Akapanda tena, akafungua ule mlango mdogo, akauingiza mwili wake darini kwa awamu, kichwa kwanza, tumbo baadaye, kwa majadiliano.

Joto la ndani lilimpiga usoni. Alimulika tochi. Mashine ya ndani ya kiyoyozi ilikuwa imelala katikati ya dari, chini yake sinia la bati la kukinga maji, na kutoka hapo bomba jembamba la kuyatoa nje. Aliwahi kuziona dari nyingi za mji huu: viota vya kindi, majani yaliyooza, masinia yaliyofurika mpaka jikoni kwa watu. Hili sinia lilikuwa limesuguliwa. Alilinusa. Siki. Mtu alikuwa amemimina siki kwenye bomba ili uchafu usizibe, kama mafundi wanavyoshauri na watu wasivyofanya. Ndani ya sinia, kwenye tone la mwisho, kulikuwa na mbegu moja ndogo bapa, ya rangi ya njano.

Alitambaa hadi kwenye tundu la hewa. Lilikuwa limezibwa kwa wavu wa waya uliopigiliwa vizuri, na kwenye ukingo wake kulikuwa na vumbi jekundu lililomwagwa kwa mstari. Akaligusa kwa kidole. Jasho lilikuwa linamwingia jichoni. Akajifuta jicho.

Renelle, chini, alisikia kishindo na neno ambalo Bi Odalie hakulifundisha darasa la kwanza.

Jikoni, Bi Odalie alimwinamisha kichwa kwenye sinki na kummiminia maziwa jichoni bila kumhurumia sana.

"Nani kakutia pilipili?"

"Mwizi wako. Kainyunyiza kule juu kuzuia kindi. Na siki aliyotumia ni ya kulowekea pilipili, nimeikuta mbegu. Mwalimu, wewe pilipili yako unaiweka wapi?"

"Siweki. Tangu nipate vidonda vya tumbo, humu ndani haiingii hata pilipili manga. Muulize huyo, alilia Jumamosi kwa sababu ya supu yangu."

"Ni kweli," Renelle alisema kwa sauti ndogo. "Haina ladha kabisa. Nilipekua kabati zote."

Bi Odalie aligeuka na kutazama dirishani, na Guillory, kwa lile jicho lake moja lililokuwa likifanya kazi, aliona midomo ya mwalimu wake ikijizuia kutabasamu. Aliliweka hilo akilini bila kujua aliweke kwenye kabati gani.

Alitoka nje tena, akasimama juu ya zile alama za mbao, huku maziwa yakimkauka shavuni. Kitu hakikukaa sawa. Mtu wa kuficha nyayo angeyaficha na mashimo ya zamani. Angetawanya rundo. Huyu hakuficha chochote. Alikuwa tu amekataa kuitoboa ardhi, siku hiyo moja.

"Renelle," aliita. "Alipanda Ijumaa, sivyo?"

"Mama anasema Ijumaa."

"Ijumaa Kuu."

Renelle alimtazama. Guillory alivua kofia, akajipiga nayo pajani kwa hasira ya mtu aliyekuwa akitafuta miwani iliyo usoni.

"Bibi yangu alikuwa anatufungia majembe bandani. Reki, jembe, hata kijiko cha bustani. Ijumaa Kuu ardhi haichomwi. Ukiichoma..."

"Inatoka damu," Renelle alimalizia. Ilimtoka yenyewe, kutoka utotoni. "Mungu wangu. Na mama ndivyo alivyokuwa akituambia."

"Basi si fundi, si mwizi wa shaba. Hao wangeitoboa ardhi hata siku ya kiama. Huyu aliamua kuja Ijumaa Kuu kwa sababu nyumba haina mtu, lakini reki hakugusa, akaokota majani kwa vidole, akalaza mbao ngazi isizame. Huyu ni wa zamani. Wa zamani kweli."

"Mama yangu ni wa zamani kweli, Afande. Naye anaiamini."

"Anaiamini. Katika mtaa huu wamebaki wawili wanaoiamini. Mmoja ni mwepesi na hali pilipili." Aligeuka kuutazama uzio, na tawi, na paa la bati lililoonekana ng'ambo ya majani. "Niambie habari za jirani yenu, Mzee Alcide Comeaux."

Uso wa Renelle ulijikunja. "Huyo? Haiwezekani. Hawasemeshani na mama. Alikuwa rafiki wa baba, chanda na pete. Mama alimwomba aukate ule mti, akakataa, mama akamwambia basi usikanyage tena uani kwangu. Hata mazishi ya baba alisimama nje ya lango."

"Mti ni wa nani?"

"Aliupanda babu yake."

Guillory alivaa kofia.

Mzee Alcide alikuwa kwenye kibaraza chake, kipande cha mtu, mabega mapana, buti za mpira miguuni, akimenya kamba wa matopeni waliobaki tangu Ijumaa. Kwenye ukingo wa kibaraza zilipangwa chupa za siki zilizojaa pilipili za rangi ya njano na nyekundu. Hakuinuka.

"Jicho lako limekuwaje, kijana?"

"Pilipili, mzee."

"Pole. Pilipili inataka heshima."

"Umekwenda kwa Bi Odalie siku za karibuni?"

"Sikanyagi uani kwa mwanamke yule. Mji mzima unajua."

"Hizo mbao mbili ukutani kwako ni za nini?"

"Ni mbao."

"Zina udongo upande mmoja."

"Ziko nje. Udongo nao uko nje. Hukutana."

"Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Kwenye maombi."

"Maombi gani?"

"Ya kimyakimya." Alichagua kamba mwingine, akamvunja kichwa. "Una swali la maana, au dada yako amesahau kukupa chakula?"

Guillory alikaa kwenye ngazi ya kibaraza bila kukaribishwa. Alikuwa amewahoji wezi wa magari, walaghai, na wakati mmoja kasisi. Aliwajua waongo, na aliwajua wakaidi. Mkaidi huwezi kumnasa kwa maswali. Ilibidi ampe habari na amwache nayo.

"Keshokutwa anahamishwa," alisema.

Mikono ya mzee ilisimama.

"Nani?"

"Bi Odalie. Binti yake anampeleka Houston, kwenye makao ya wazee."

"Kwa nini? Ana goti tu. Kichwa chake kinakata kuliko wembe."

"Binti anadhani kichwa kimeharibika. Anasema anasikia buti darini ambazo hazipo. Anasema anapanda ngazi mwenyewe na kusahau. Nyumba nayo itauzwa, nadhani."

"Nani kasema buti hazipo?"

"Hakuna aliyesema zipo, mzee. Ndiyo taabu."

Mwaloni ulimwaga majani, mengine yakaanguka upande huu, mengine upande ule. Mzee Alcide aliyatazama yale ya upande ule.

"Mwaka uliofuata baada ya Nolan kufa," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "kiyoyozi cha Odalie kilizima katikati ya Julai. Hakumwambia mtu. Jeuri. Mimi nilikuwa nimesimama pale, kwenye ule uzio, nikaona wanamtoa kwa machela, mwekundu kama aliyechemshwa, macho yamefumba. Siku ya pili fundi alifungua ile mashine akatoa majani. Gunia, kijana. Gunia zima la majani ya mti wangu." Alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Nolan alikuwa ndugu yangu. Mkewe nusura nimuue kwa majani. Nifanye nini? Nikamwombe radhi? Alinifukuza. Kuukata siwezi, ni babu. Basi naokota. Majani yangu, naokota mwenyewe. Nimeanzia nje, nikaona hata darini kindi wanaingiza, nikapanda."

"Kwa nini usimwambie?"

"Angenikataza." Alizitazama buti zake. "Na nisingekuwa na pa kwenda Jumapili."

Guillory alijifanya anashughulika na jicho lake bovu, kwa sababu la zima nalo lilikuwa limeanza kumsumbua.

"Mzee, ile ni nyumba ya watu, ningeweza kukufungulia jalada. Sitafungua. Lakini binti anataka mtu mwenye jina na miguu. Mimi siwezi kukupeleka kwa nguvu."

Mzee Alcide aliinuka. Aliingia ndani, Guillory akadhani mambo yameishia hapo. Alitoka amevaa kofia safi ya Jumapili na zile zile buti za mpira.

Walivuka kwa pengo la uzio ambalo kwa kweli lilikuwa limekanyagwa vizuri mno kuwa pengo la watu wasiosemeshana. Kwenye mlango wa jikoni mzee alisita. Renelle alifungua, akamwona, akaziona buti.

"Ni mimi," Mzee Alcide alimwambia, haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Darini ni mimi. Nje ni mimi. Mama yako ana akili timamu, ana roho ngumu tu. Usimpeleke popote. Kama ni kosa nifungeni mimi."

Renelle alishika mlango. Alikuwa anatikisa kichwa na kulia na kucheka, vyote kwa pamoja, na mkono mmoja ulikuwa tayari unatafuta simu mfukoni.

Mezani, Bi Odalie hakugeuka. Alinyoosha mkono mpaka kwenye kile kikombe cha dirishani, akakifunua, akakiweka vizuri juu ya kisahani, akaanza kumimina kahawa.

"Mama," Renelle alisema. "Hicho si cha..."

"Renelle, mwanangu, baba yako amekufa. Najua. Nilimfunga tai kwa mikono hii. Na maisha yake yote alikunywa kahawa kwenye kopo la bati. Hivi vya kaure alisema ni vya vidole vya mapadri. Umesahau wewe, sikusahau mimi."

Guillory alisimama na kofia mkononi, na lile tabasamu la dirishani hatimaye likapata kabati lake.

"Mwalimu, ulijua."

"Miaka. Mtu amekula mezani kwangu nusu ya maisha yake, nisiijue harufu ya siki yake?"

"Sasa kwa nini usimwambie Renelle?"

"Ningesema mimi, huyo asingerudi tena. Unamjua alivyo. Ilibidi aje mwenyewe, na yeye hasukumwi ila na serikali." Akamtazama mpelelezi wake kwa namna aliyokuwa akimtazama zamani anapomaliza kusoma ukurasa bila kukwama. "Nilikuita wewe. Umefanya vizuri, ingawa umechelewa kwa sababu ya tumbo."

Mzee Alcide bado alikuwa kizingitini, kofia ya Jumapili ameishika kwa mikono miwili.

"Mti siukati, Odalie," alisema.

"Nani kakuuliza habari za mti? Ijumaa ulikimbia hujamaliza. Ule upande wa chumbani kwangu bado kuna majani, yanachakarika usiku kucha."

"Nitakuja Jumapili, ukiwa kanisani."

"Utakuja kesho, nikiwepo," Bi Odalie alisema, akasukuma kikombe upande wa kile kiti kitupu. "Na utapita mlangoni, Alcide, kama watu."